Milima ya Pare: Soko la mpandaji wa kati lasubiri waongoza njia

WASAFIRI wengi wanaopita Same huiona milima ya Pare kupitia dirisha la basi. Wanatoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, wanashuka stendi dakika chache kununua maji na ndizi, wanautupia jicho ukuta wa mlima ulio upande wa kulia wa barabara, kisha safari inaendelea. Mtalii wa kigeni naye akili yake iko Kilimanjaro, Ngorongoro au Serengeti. Same kwake ni jina la kituo tu.

Mji wenyewe haumsaidii msafiri kubadili mawazo. Same mjini ni pakavu. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi humwaga mvua yake upande wa mashariki na kileleni, hivyo upande wa barabara kuu hubaki na mibuyu, mkonge na miti ya miiba. Lakini anayepanda gari la kwenda Mbaga au Chome hukuta nchi nyingine kabisa kabla jua halijazama: migomba, kahawa, maharage, mifereji ya maji kando ya njia na baridi inayomlazimu kuvaa sweta. Juu zaidi upo msitu wa Shengena, wenye kilele cha takriban mita 2,460 kutoka usawa wa bahari, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Pare.

Tofauti hiyo kati ya chini na juu ina thamani ya fedha, nayo kwa sehemu kubwa haijauzwa. Wapo watu duniani wanaolipa fedha nzuri ili watembezwe milimani kwa siku mbili au tatu, wakiongozwa na mtu anayeijua njia. Suala la kujiuliza ni nani atawauzia safari hiyo, na kiasi gani cha malipo yao kitalala kijijini.

Mteja wa daraja la kati

Biashara ya kuongoza watu milimani ina wateja wa aina tatu. Wa kwanza ni mgeni kabisa, anayetaka kutembea saa mbili, apige picha na kurudi hotelini. Wa pili ni bingwa, mwenye vifaa vyake na ramani yake, ambaye mara nyingi haoni sababu ya kumlipa mtu. Wa tatu yuko katikati. Ana pumzi, amewahi kutembea milimani, anaweza kwenda saa tano au sita kwa siku. Hata hivyo, hana ujuzi wa kutosha kuingia peke yake msituni asikokujua. Huyu ndiye anayemhitaji mwongozaji, na ndiye anayelipa.

Nchi za baridi zimelitambua soko hili zamani. Katika milima ya Alps huko Ufaransa, Uswisi na Austria, watu wengi hujifunza kuteleza juu ya theluji kwa ski katika miteremko iliyosawazishwa kwa mashine na kulindwa. Baada ya misimu kadhaa huichoka miteremko hiyo, wakatamani kwenda mbali, kwenye theluji ambayo haijakanyagwa na mtu. Si mabingwa, wala si wanafunzi tena. Wakienda peke yao wanaweza kufukiwa na maporomoko ya theluji. Kwa hiyo hulipa mwongozaji anayejua kuusoma mteremko, anayebeba vifaa vya uokoaji na mwenye uwezo wa kusema "leo hatupiti hapa".

Tanzania nayo iliwahi kuguswa na mchezo huo. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na ski na kuzitumia kuteremkia. Barafu moja ya kileleni hadi leo inaitwa kwa jina la Furtwängler. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka huo wa 1912 ilikuwa imetoweka ilipofika 2007. Biashara ya ski, basi, si ya kutegemewa hapa. Lakini mteja wa daraja la kati yupo hata pasipo theluji, na milima ya Pare inamfaa kuliko jirani yake mkubwa.

Sababu ni rahisi. Safari ya kupanda Kilimanjaro huchukua siku tano hadi nane, humgharimu mtalii zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na humpeleka kwenye mita 5,895 ambako hewa nyepesi huwaangusha hata wenye nguvu. Shengena haifiki nusu ya urefu huo. Mtu mwenye afya ya kawaida hatarajiwi kuugua kwa sababu ya mwinuko, anaweza kulala kijijini badala ya kwenye hema, na safari huisha ndani ya siku mbili au tatu.

Kuna nini cha kuuza

Bidhaa ya kwanza ni msitu wenyewe. Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 14,000, inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, unaosifika duniani kwa mimea na viumbe wasiopatikana kwingine. Yupo ndege mdogo wa jamii ya kinengenenge, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye makazi yake ni milima ya Pare Kusini tu. Watazamaji wa ndege husafiri kutoka mabara mengine kwa ajili ya ndege mmoja wa aina hiyo, na kwa kawaida hawaondoki kabla hawajamwona.

Bidhaa ya pili ni historia. Mbaga ina nyumba na kanisa vinavyokumbusha kazi ya mmisionari Mjerumani Jakob Janssen Dannholz, aliyeandika kuhusu mila za Wapare mwanzoni mwa karne iliyopita. Wenyeji huwapeleka wageni kwenye mapango ya Mghimbi, ambako inaelezwa kuwa watu walijificha kuwakwepa wawindaji wa watumwa, na kwenye mwamba wa Malameni uliokuwa mahali pa matambiko. Giti, katika upande wa Mamba, ndiko Waadventista Wasabato walikoanzisha misheni yao ya kwanza nchini mwaka 1903. Kwa waumini wa madhehebu hayo, ndani na nje ya nchi, hiyo ni sababu tosha ya safari. Aidha, Same ina kumbukumbu ya mgomo wa mbiru wa miaka ya 1940, wananchi walipokataa mfumo wa kodi uliowekwa na utawala wa Waingereza.

Bidhaa ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni kilimo. Ndiva za Upareni ni mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi ili yashuke mashambani kwa zamu. Tangu zamani ziliendeshwa na koo, na kanuni zake za kugawana maji zingeweza kufundishwa chuoni. Mgeni anayetoka nchi ambako maji hutoka bombani hushangazwa na kazi hiyo kuliko wenyeji wanavyodhani. Ukiongeza shamba la tangawizi, kikombe cha kahawa iliyokaangwa jikoni na sahani ya makande, siku imejaa bila kujenga jengo lolote jipya.

Chini ya mlima ipo Hifadhi ya Taifa Mkomazi, iliyopandishwa hadhi kutoka pori la akiba mwaka 2008. Lango lake la Zange liko kilomita chache kutoka Same mjini. Mtalii anaweza kuona wanyama siku moja na kupanda mlima siku mbili zinazofuata. Huo ni mchanganyiko usiopatikana kirahisi kwingine kwa umbali mfupi namna hiyo.

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1990 Bodi ya Utalii Tanzania (TTB), ikisaidiwa na shirika la SNV la Uholanzi, ilianzisha mpango wa utalii wa kitamaduni, na Usangi pamoja na Mbaga vikawa miongoni mwa vituo vyake. SNV ilijiondoa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vituo vilibaki mikononi mwa wenyeji na wageni wameendelea kufika, lakini njia za Upareni hazijawahi kujulikana kama za Kilimanjaro, ingawa nchi ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023.

Hesabu ya kikundi cha watu wanne

Ili kuona kilichopo mezani, tuchukue mfano wa kufikirika. Wageni wanne wanatembea siku tatu na kulala kijijini usiku mara mbili. Kila mmoja analipa Sh120,000 kwa siku. Jumla ni Sh1,440,000.

Tuseme mwongozaji mkuu analipwa Sh40,000 kwa siku na msaidizi wake Sh25,000. Kwa siku tatu hiyo ni Sh195,000. Wapagazi watatu kwa Sh20,000 kila mmoja kwa siku ni Sh180,000. Mpishi kwa Sh25,000 kwa siku ni Sh75,000. Malazi ya wageni wanne kwa Sh20,000 kila usiku ni Sh160,000. Chakula kwa Sh20,000 kwa mtu kwa siku ni Sh240,000. Gari la kuwapandisha na kuwateremsha ni Sh200,000, na tozo za hifadhi na kijiji zichukue Sh150,000. Jumla ya matumizi ni Sh1,200,000. Zinabaki Sh240,000 za uendeshaji na akiba.

Sasa tutazame fedha hiyo inalala wapi. Ikiwa mwongozaji, wapagazi na mpishi ni wa kijijini, nyumba ya kulala ni ya kijijini, na mchele, kuku, ndizi na mboga vimenunuliwa hapo hapo, basi Sh850,000 zinaingia mifukoni mwa wanakijiji. Hiyo ni asilimia 59 ya malipo yote, mbali na tozo. Lakini ikiwa kampuni imekuja kutoka mjini na waongozaji wake, wapagazi wake, mpishi wake na maboksi ya chakula kilichonunuliwa dukani, kijiji kinabaki na Sh160,000 za malazi, yaani asilimia 11. Wageni wakilala kwenye mahema waliyokuja nayo, hata hizo hazipo.

Mgeni ni yule yule, njia ni ile ile, na bei ni ile ile. Tofauti ya Sh690,000 inatokana na nani alishika kazi. Viwango halisi vitatofautiana, hasa tozo za hifadhi ambazo haziwi sawa kwa raia na asiye raia, lakini uwiano huo ndio wa kuangaliwa na kila serikali ya kijiji inayoombwa kibali cha kupitisha watalii.

Fedha hiyo ina faida nyingine kwa mkulima. Tangawizi ya Mamba Miamba imewainua wengi, na wakulima walifika mbali hadi kujengewa kiwanda cha kusindika kupitia ushirika. Hata hivyo, tangawizi hukaa shambani miezi minane hadi kumi, ugonjwa wa kuoza huweza kumaliza shamba, na bei huanguka pale kila mtu anapovuna kwa pamoja. Malipo ya mwongozaji huja siku ya mwisho ya safari, taslimu au kwa simu. Hayatoshi kuendesha kaya mwaka mzima, ila yanaweza kununua mbolea wakati wa kupanda bila mkulima kuuza zao lingali changa.

Kalenda nayo inaruhusu. Njia za Shengena hazifai wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa sababu ya utelezi na ukungu. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, pamoja na Januari na Februari. Kwa kaya nyingi zisizotegemea umwagiliaji, sehemu kubwa ya kipindi hicho cha kiangazi ndipo kazi za shamba hupungua. Jambo la kupanga mapema ni siku ya Jumamosi. Katika vijiji vyenye Wasabato wengi, mwongozaji na mpagazi hawatafanya kazi siku hiyo. Anayeuza safari za mwisho wa wiki bila kulijua hilo atafika Ijumaa jioni na kukosa watu.

Funzo la Chamonix

Bonde la Chamonix nchini Ufaransa, chini ya mlima Mont Blanc, lilikuwa la wakulima na wafugaji maskini. Wageni walipoanza kumiminika, wenyeji waligeuka waongoza njia. Mwaka 1820 maporomoko ya theluji yaliwaua watatu kati yao wakiwa kazini. Mwaka uliofuata, 1821, wakaunda umoja wao, Compagnie des Guides de Chamonix, ambao upo hadi leo. Wajukuu na vitukuu vyao ndio wanaowaongoza hao wa daraja la kati wanaoteleza nje ya njia zilizosawazishwa.

Umoja huo ulisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni zamu. Mgeni alipofika alipewa mwongozaji ambaye zamu yake imefika, ili kazi isishikwe na wachache wanaojua kujipendekeza. Ya pili ni mfuko wa kusaidia mwongozaji aliyeumia na familia ya aliyefariki. Kwa Mpare hili si geni hata kidogo. Zamu ya maji ya ndiva inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na vyama vya kuzikana vipo katika kila kijiji.

Pasipo zamu na mfuko, mambo huenda njia inayojulikana. Vijana wanagombea mgeni stendi, bei inashuka, anayeshinda ni yule aliyekubali kidogo, na anayekubali kidogo hukata gharama kwenye usalama. Siku mguu wa mgeni utakapovunjika ndani ya msitu, hakutakuwa na machela, hakutakuwa na mtu wa pili wa kwenda kuita msaada, na jina la kijiji ndilo litakaloharibika.

Usalama ndio bidhaa

Mtu wa daraja la kati ananunua utulivu wa moyo. Kwa hiyo usalama ndio kiini cha huduma anayouziwa.

Hatari ya kwanza Shengena ni ukungu. Hushuka ghafla na kufuta njia, na baridi yenye unyevu humdhoofisha mtu aliyevaa fulana iliyolowa jasho. Ya pili ni kupanga muda vibaya. Ipo kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye kupanda mita 900 itachukua saa mbili, jumlisha saa moja na nusu, yaani saa tatu na nusu bila kupumzika. Kwenye matope na mizizi ya msituni mwongozaji mwenye busara huongeza saa mbili nyingine, na huondoka alfajiri.

Hatari ya tatu ni udongo. Waongozaji wa Alps husoma theluji. Wa Upareni lazima wasome mteremko baada ya mvua. Novemba 2009 maporomoko ya udongo yalifukia nyumba katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, na kuua watu zaidi ya 20. Wenyeji wanakumbuka, na wanajua miteremko iliyopasuka na vijito vilivyobadili rangi. Ujuzi huo hauna cheti, ila ndio unaompa mwongozaji haki ya kumwambia mgeni aliyelipa kwamba leo wanarudi.

Cheti nacho kinahitajika. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka biashara za utalii na waongoza watalii wawe na leseni. Mafunzo ya huduma ya kwanza, lugha na elimu ya ndege na mimea yanaweza kupatikana bila kwenda mbali na Kaskazini, ambako kuna vyuo kama Mweka kilichoanzishwa mwaka 1963. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Chome au Mbaga, anayelijua kila bonde, anakosa kazi hiyo kwa kukosa karatasi, huku aliye na karatasi akiwa haijui njia. Pengo hilo ndilo la kuzibwa kwanza.

La kufanya

Vijiji vinavyozunguka msitu vinaweza kuanza na mambo machache. Waunde kikundi kimoja cha waongozaji kwa kila njia, chenye daftari la zamu na bei moja iliyobandikwa ofisi ya kijiji na stendi ya Same. Watenge sehemu ya kila malipo kwa ajili ya mfuko wa ajali na sehemu nyingine kwa kufyeka na kutengeneza njia. Wakubaliane kwamba kila msafara una waongozaji wawili, sanduku la huduma ya kwanza na simu iliyojaa chaji, hata kama mgeni ni mmoja. Wazipange njia zao kwa ugumu na kuzieleza kwa ukweli: saa ngapi, mita ngapi za kupanda, maji yako wapi.

Halmashauri ya Wilaya ya Same inaweza kuvifikiria vikundi hivyo katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Machela, makoti ya mvua na magodoro mazuri ni mtaji mdogo ukilinganisha na trekta. TFS kwa upande wake inaweza kutoa kipaumbele kwa waongozaji wa vijiji jirani pale mgeni anapolipia kuingia hifadhini. Kijiji kinachopata fedha kutokana na mti uliosimama kina sababu ya kumtaja anayeingia na msumeno usiku, na Chome imeshapoteza miti mingi ya mbao kwa wakataji haramu.

Wapare wanataniwa nchi nzima kwa kuijua thamani ya shilingi. Katika biashara hii sifa hiyo ni mtaji. Kabla ya msimu wa Juni, kila kamati ya kijiji ingefanya vema kukaa na kalamu, kuandika orodha ya kila kitu ambacho mgeni wa siku tatu atalipia, na kuweka alama mbele ya kila kimoja kinachoweza kutolewa na mtu wa kijijini hapo. Vitakavyobaki bila alama ndivyo vya kujifunza mwaka huu.